Mkono Hauachi Mpaka Mtu Apande

Baba Neema wangu,

Leo asubuhi mwanao Neema alinikuta jikoni nimeshika donge la unga wa maandazi, nabana, naachia, nabana. Akauliza, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia akaoge.

Unakumbuka Nyarugusu, enzi nikiuza chakula machimboni? Nilikukuta unajiandaa kushuka duarani, kule shimoni kwenye dhahabu, na mwenzako wa kuzungusha feni ya mkono, ile inayosukuma hewa chini, amekwenda haja. Ukanikabidhi mimi. "Zungusha, mayu. Mtu akiwa chini, mkono hauachi mpaka apande." Nilizungusha hadi bega likawaka moto. Ukapanda umejaa vumbi, unacheka: "Kumbe mke ninaye!" Hata kunitongoza ulikuwa hujanitongoza, mjeuri wewe.

Duara lilipoporomoka walikutoa moyo unapiga ila hupumui. Kule hospitali, chumba cha dharura, wakakupitishia mrija kooni. Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ilikuwa na mgonjwa mwingine. Nesi akatufundisha kukupumulisha kwa mkono, kwa kubana mfuko uliounganishwa na ule mrija. Mzee Masanja, msimamizi wa duara lenu, akapokezana na wachimbaji wenzako. Walibana kwa kasi ya feni ya duarani, mpaka nesi akafoka: "Polepole jamani! Hayo ni mapafu!"

Mama wa yule mgonjwa wa kwenye mashine alikuwa anasali pembeni. Nilitamani Mungu asimsikie. Hilo nakwambia wewe tu.

Hatimaye daktari alikupima, akarudia kukupima, akasema ubongo wako umekufa na hata mashine isingekurudisha. Mzee Masanja hakuacha kubana. "Daktari, mtu wetu yuko chini. Bado hajapanda." Machozi yalimdondoka hadi kwenye mfuko. Hakuna aliyethubutu kumgusa, wote wakanitazama mimi.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. "Baba, inatosha." Nikauchukua ule mfuko, nikabana mara moja ya mwisho, nikauweka kitandani.

Watu wananiambia umepumzika, naitikia ili waondoke. Duara lenu limefunguliwa tena na wenzako wameshashuka, kwa sababu watoto lazima wale. Mimi sioni mbele. Neema akikua ataniuliza ulikufaje, na sijui nitaanzia wapi.

Nenda salama, mume wangu. Ulinifundisha kazi moja tu ya duarani, na hukupanda, nami niliacha.

Mkeo,
Mama Neema