Njia ya Punda Kati ya Nyumba na Jiko

Jumatatu asubuhi, Kitengela. Baridi ya Julai, ile inayoingia mpaka kwenye vidole vya miguu, na ukungu umefunika upande wote wa Athi. Duka nimefungua, lakini mlango wa chuma nimeuinua nusu tu. Leo sitaki mteja. Sitaki hata kuulizwa bei ya msumari.

Mama yuko nyumbani kwangu, amelala chumba cha nyuma, kilekile alichokaa miaka sita. Begi lake liko mlangoni na halijafunguliwa. Asubuhi nimelipita mara nne nikitazama pembeni kila mara.

Miaka miwili ya Jumamosi na Jumapili nikimtengenezea nyumba yake ya zamani. Mama amekaa humo siku moja na nusu.

Mliofuata blogu hii tangu mwanzo mnaijua nyumba, mmeona picha. Kwa mgeni nitaeleza kwa ufupi. Baba alikuwa anauza maharagwe na viazi sokoni Kajiado. Mzee mmoja Mmaasai akamuuzia kipande cha ardhi mbali kidogo na lami, naye akajenga nyumba ya mawe: vyumba vitatu, paa la mabati mekundu, baraza mbele. Jiko akalitenga peke yake, ng'ambo ya uwanja, hatua kumi kutoka mlango wa nyuma. Utotoni nilizichukia hizo hatua kumi. Mvua ikinyesha, chakula kilifika mezani kimelowa, na mimi ndiye niliyekibeba. Siku zote niliamini Baba aliogopa moshi.

Baba alipofariki, na nyonga ya Mama ikaanza kumsumbua, nilimleta huku mjini. Alikuja kwa wiki mbili. Tangu hapo hakuna mwezi uliopita bila kuniuliza, kwa upole wake ule unaochoma, "Wambui, nitarudi kwangu lini?"

Basi nikaamua kumrudisha kwake.

Nilipofungua mlango mara ya kwanza nilikaa chini nikalia. Mchwa walikuwa wamekula fremu zote za milango, ukigusa inabaki unga mkononi. Popo walikuwa darini. Udongo mweusi wa kule, unaovimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka, ulikuwa umevuta kona moja ya nyumba mpaka ngumi yangu ikaingia kwenye ufa. Ndugu yangu Kamau alikuja mara moja kutoka Gataka, akapiga picha, akaandika kwenye kundi la familia, "Kazi nzuri sis, tuko pamoja." Hatukuwa pamoja. Nilikuwa na Fundi Mutiso, na Jumamosi, siku ambayo duka huuza kuliko zote, nilimwachia mume wangu.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Niliipenda kazi ile. Nilijifunza kuchimba chokaa kuukuu kati ya mawe bila kuyavunja. Nilikwangua dirisha la chumba cha Mama kwa mikono yangu: kijani, chini yake kijivu, chini yake bluu niliyoikumbuka tangu nikiwa darasa la kwanza. Nilitafuta bluu ile wiki tatu mpaka nikaipata. Mama hakuwa amefika huko tangu tuanze. Nilikuwa namwonyesha picha za ndani tu, kwa sababu nilitaka ashangae.

Alishangaa.

Sasa niandike lile lililonifanya nikae hapa nyuma ya mlango nusu. Kabla ya mchwa, kabla ya popo, kabla sijagusa jiwe hata moja, niliweka fensi.

Nimeuza vifaa vya ujenzi miaka kumi na moja. Mtu akiingia dukani akaniambia amenunua ploti, namwambia maneno yaleyale: anza na fensi. Huku Kitengela ukiacha ploti wazi, utaamka siku moja ukute mtu mwingine ameweka msingi. Namwambia hata kama ana pesa ya fensi peke yake, aweke fensi, nyumba itakuja. Nimeyasema mara nyingi kiasi kwamba siyasikii tena. Basi Jumamosi ya kwanza nikapakia nguzo za zege na waya, nikaenda kuzungushia nyumba ya baba yangu pande zote nne, na geti la chuma mbele.

Mama Lemayian alikuja tukiwa nguzo ya tatu. Ni jirani yetu, wa rika la Mama, mjane kama yeye. Ana punda watatu, na kila siku saa kumi anawapeleka kwenye kisima kilicho nyuma ya shamba letu. Njia yao ilipita uwanjani kwetu, katikati ya nyumba na jiko. Nilijua. Nimekulia pale. Nimefagia mavi ya punda wale na mama zao utoto wangu wote. Nilijua pia kwamba kila jioni akirudi alikuwa anashusha mtungi mmoja wa maji mlangoni mwa jiko, kisha anakaa na Mama wakinywa chai, mmoja akiongea Kikuyu, mwingine Kimaasai, na wote wawili wakicheka. Na miaka yote nyumba ilipobaki tupu, ni yeye aliyefukuza mbuzi barazani.

Yote hayo niliyajua, na bado nikaendelea kuchimba.

Alisimama, akaegemea fimbo yake, akaangalia mstari wa mashimo.

"Wambui, sasa punda itapita wapi?"

"Si kuna barabara kule chini, Mama? Hata ni pana."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema.

Hilo ndilo neno alilosema, na mimi nililichukua kuwa ruhusa.

Kuna jingine, na afadhali niliandike leo nikiwa bado na hasira na mimi mwenyewe. Nilipobadilisha vitasa, alikuja na ufunguo wa zamani aliokuwa ameutunza kwenye uzi wa shanga. Akaufungua shingoni polepole. "Chukua. Hii haifungui kitu sasa." Nikauchukua nikamshukuru. Funguo mpya zilikuwa tatu, ziko mfukoni mwangu wakati huohuo, na wala haikunijia kichwani kumpa mmoja.

Baadaye nikaweka mifereji kwenye paa, na tangi la lita elfu tano, ili Mama asihangaike na maji. Nikaona uwanja ule kati ya nyumba na jiko una vumbi, nikautandika kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, nyekundu na kijivu, ili asiteleze na mkongojo wake. Picha ya kabro hizo ndiyo iliyopendwa kuliko zote kwenye blogu hii. Mmoja wenu aliandika kwamba pamekuwa kama Nairobi. Nilifurahi siku nzima.

Juzi Jumamosi nikampeleka.

Alianza vizuri sana. Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta. Kwenye dirisha la bluu alisimama akaweka kiganja kwenye fremu, akasema, "Baba yako alipaka hii ukiwa mgonjwa wa surua." Sikujua hilo. Nilidhani nimepata nilichokuwa nakitafuta, kwamba sasa Mama yuko kwake, na ningeweza kufa siku hiyo bila lalamiko.

Saa tisa na nusu akaingia jikoni mwenyewe, akakataa nisaidie. Akapika chai ya maziwa, nyingi. Akatoa vikombe viwili akaviweka juu ya kile kiukuta kifupi cha mlangoni, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilibaki nimesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba. Nilijua anamngoja nani.

Saa kumi tukasikia mitungi mitupu ikigongana. Mama akanyanyuka. Sauti ikaja, ikaja, halafu ikapinda, ikaanza kufuata waya upande wa nje, mbali na sisi. Tukaona masikio ya punda, kisha shuka nyekundu ya Mama Lemayian.

"Takwenya, Ng'oto Kamau!" alimwita Mama kwa jina la kifungua mimba wake, kama alivyomwita siku zote.

"Iko!" Mama akaitikia, akaanza kutembea na mkongojo wake kuelekea kwenye waya. Lakini punda hawasimami kwa sababu watu wanasalimiana. Walikuwa wameshaenda, na Mama Lemayian ikabidi awakimbilie. Aliinua mkono. Mama akabaki katikati ya kabro, na yeye mkono juu.

"Mbona anapita huko?"

"Ni fensi, Mama."

Aliiangalia kutoka kona mpaka kona, kama mtu anayesoma barua. "Huwa ananiambia kwa simu njia imekuwa ndefu," akasema. "Mimi nikadhani ni uzee."

Kisha akanieleza, bila ukali wowote. Njia ile ilikuwapo kabla ya nyumba. Mzee aliyemuuzia Baba ardhi alikuwa baba mkwe wa Mama Lemayian, na alimwambia Baba jambo moja tu: akina mama wapite na maji. Baba akakubali, ndipo akajenga nyumba upande huu na jiko upande ule, akaiacha njia palepale ilipokuwa. Hakukuwa na habari ya moshi.

Chai ilipoa kwenye kikombe cha pili. Jua likiwa linaelekea kuzama Mama akatazama paa, tangi, geti, kabro.

"Nyumba ni nzuri, Wambui. Inafanana na yako."

Nimepigwa makofi maishani, na hakuna lililofika mahali neno lile lilipofika.

Jana sikuenda kanisani. Nilichukua koleo na msumeno wa chuma nikakata waya pande mbili, pale njia ilipokuwa ikiingia na pale ilipokuwa ikitokea, nikaukunja nikautupa nyuma ya jiko. Viganja vilitoka damu, na nakiri nilitaka Mama avione. Alikuwa ameketi tu akichambua mchele. Saa tisa na nusu akapika chai tena. Vikombe viwili.

Punda walikuja. Aliyetangulia alifika kwenye upenyo niliokata, akasimama. Akainamisha pua, akanusa kabro, akapuliza, akaendelea mbele kando ya waya. Wa pili akamfuata. Mama Lemayian alimshika wa tatu sikio akamvuta ndani. Kwato zikateleza kwenye zile kabro zangu nzuri, punda akarudi kinyumenyume karibu amwangushe, akawafuata wenzake mbio.

"Imezoea kule sasa, Wambui," akaniambia, akihema. "Wacha tu."

Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Laiti angenitukana. Aliingia hatua tatu, akamshika Mama mikono miwili, wakasemezana maneno yao, kisha akasema kisima kitafungwa na punda wamemwacha. Kikombe hakukigusa. Aliporudi na maji alipitia kule chini, kwenye ile barabara pana.

Nilipoingia ndani Mama alikuwa ameshapanga begi lake.

"Nirudishe Kitengela. Huko upweke nimeuzoea."

Njiani alifumba macho mpaka Isinya. Hakuwa amelala, namjua.

Leo asubuhi kundi la familia limejaa picha za Jumamosi. Kamau ameandika kwamba nimemfanyia Mama jambo kubwa. Mioyo kumi na moja myekundu. Sijajibu. Na ukweli ni kwamba nimemkasirikia Mama pia, nimlaumu nani mwingine? Nilimjengea kuta zake, nikampa maji kwenye bomba, nikamfungia geti ili awe salama. Ni mimi niliyeng'olewa kucha mbili na jiwe la kona. Halafu anaacha yote kwa sababu ya punda watatu. Nimewaza hivyo kwa dakika kumi nzima hapa nyuma ya mlango, na sijaona haya. Kisha nimekumbuka nilichokuwa nikimuuliza kila jioni hapa mjini: umekula, umemeza dawa? Sijawahi hata siku moja kumuuliza anamkosa nani.

Mteja mmoja amechungulia chini ya mlango sasa hivi. Kijana, uso umejaa furaha. Amenunua ploti huko Kajiado, anauliza aanze na nini. Nimefungua mdomo, halafu nimemwambia aende kwanza akaulize majirani watu wanapitia wapi. Amenitazama kama mtu aliyerukwa na akili, ameenda duka la pili.

Jumamosi nitarudi, peke yangu. Nitang'oa kabro zile moja moja mpaka udongo uonekane, na waya wote, na geti. Nitabeba ufunguo mmoja nimeufunga kwenye uzi. Halafu nitaenda kwa Mama Lemayian kwa miguu, kwa ile njia ndefu niliyomwonyesha mimi, nione urefu wake. Nitabeba mtungi mtupu. Nitasimama mlangoni kwake niseme jikoni kwetu hakuna maji, tunaomba atusaidie kama zamani.

Sijui tu kama mwenye tangi la lita elfu tano anaweza kuomba maji akaaminika.