Gari la Bosi na Basari ya Valerie

Baba Wayne,

Kwamboka wa mlango wa pili anasema jana kule nyumbani kamati ya basari ya wadi ilimkata mdogo wangu Valerie kwenye orodha. Chuo kimeshamchukua, bado karo tu, lakini mtu alitoa simu barazani akaonyesha picha yako pale Pearl kwa matajiri, umeegemea gari la bosi, umeandika "Jasho langu". Wakasema shemeji yake ni tajiri, aachie wenye shida.

Wali uko kwa sufuria, upashe. Ulipouliza asubuhi mbona nimenuna, ni hiyo.

~~Futa hiyo picha.~~ Usifute, wameshaiona. Nimempigia chifu, anataka kusikia kwa mwenye gari. Majina yanapelekwa kaunti kesho. Haya, mwenye gari, utampigia umwambie wewe ni dereva?

Mama Wayne