Pikipiki ya mahari na swichi ya chini ya kiti

Mpendwa mshauri wetu Mama Dorothea, shikamoo. Naomba msaada, na kabla ya yote naomba usiliandike jina langu, na majina ya wengine niliyoyaweka humu siyo yao, maana mke wangu huusoma ukurasa wako kabla ya kurasa zote, na akiyajua haya kupitia gazeti badala ya kinywa changu nitakuwa nimeharibu mara mbili.

Mimi ni fundi wa vigae, naishi Ihumwa, na mwaka jana nilioa Hombolo, binti ambaye nitamwita Ruthu. Mimi mwenyewe ni Mgogo wa kule Mlali, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba mila sikuzijua. Mahari ilipangwa ng'ombe na mbuzi, nikatoa, wakabaki ng'ombe wawili wa mwisho ambao sikuwa nao, na baba mkwe, nimwite Mzee Elieza, akasema mwenyewe kupitia mshenga kwamba malisho siku hizi ni shida, badala ya hao wawili angefurahi kupata ile pikipiki yangu, imsaidie kwenda kwenye shamba la zabibu na kumpeleka mama mkwe kliniki ya sukari mjini.

Mama, pikipiki yenyewe si kama hizi za bodaboda, ni kubwa, niliinunua ikiwa imeshatumika, injini yake inapozwa kwa maji, ina rejeta na feni kama gari, na feni hiyo inatakiwa ijiwashe yenyewe injini ikipata moto. Ya kwangu ilikuwa haijiwashi. Kile kidude kinachopima joto kilikufa, nikatafuta kingine mjini kote nikakosa, fundi wangu Bartolomayo akaniambia tusihangaike, akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka swichi ndogo chini ya kiti upande wa kushoto, ukiingiza kidole unaipata, akaniambia ukiingia kwenye mchanga au ukipakia mzigo uwashe, ukifika uzime, ukisahau kuwasha utachemsha injini na ukisahau kuzima utakuta betri imekufa. Nikazoea kabisa, mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Siku ya kuikabidhi wazee walikaa, mjomba wake Ruthu akaizunguka pikipiki vile vile anavyozunguka ng'ombe, akashika usukani kama anashika pembe, watu wakacheka, mimi pia nikacheka, halafu akanigeukia na kuuliza swali ambalo kwao huulizwa kila mnyama anapokabidhiwa.

"Mkwe, huyu ana kasoro?"

Mama Dorothea, nilitaka kusema. Lakini niliwaona wale wazee wote, na shangazi zake Ruthu wamejipanga ukutani, nikaona nikisema feni yake ni ya kuwasha kwa kidole, watasema nimemlipia binti yao mnyama kilema, na Ruthu atachekwa na dada zake mpaka azeeke. Nikajibu, "Hana kasoro, baba." Wakapiga vigelegele. Nilijiambia nitamweleza baba mkwe pembeni siku nyingine, na wewe unajua kwetu mkwe na baba mkwe hawana pembeni, jambo zito hupitia kwa mshenga.

Haukupita muda akanipigia simu kwamba mnyama wangu anatoa moshi puani. Nikaenda, nikamkuta kwenye mchanga ameketi juu ya kreti za zabibu, pikipiki imechemka, nikaongeza maji, nikajifanya nakaza kiti, nikabonyeza swichi, nikamwomba niiendeshe mwenyewe yeye akae nyuma, tukafika nyumbani bila tatizo, nikaingiza tena mkono chini ya kiti nikazima. Akanitazama akasema mkono wangu una baraka. Ikawa ndiyo desturi, ikichemka naitwa, nikiishika inapona. Mzee Elieza anaendesha polepole mno, mwendo wa kuswaga ng'ombe, upepo hauifikii injini, na mchanga wa kule unaujua. Jumapili moja alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amempa mkwe ambaye hata chuma kinamsikia, kanisa zima likasema amina, na mimi nimekaa pale na mke wangu ananishika mkono kwa furaha. Baada ya ibada mzee mmoja alinifuata akaniomba nikamshikie pampu yake ya maji. Nilikwenda kuishika, mama, nifanyeje.

Ningeweza kuishi na aibu hiyo kama ingekuwa yangu peke yangu. Lakini baba mkwe alianza kujiuliza kwa nini mnyama asiye na kasoro anaugua kila mara, akapata jibu, na jibu ni shemeji yangu Stanley, mdogo wake Ruthu, kijana ambaye ndiye aliyemfundisha mzee kuendesha. Stanley huiazima jioni na hukimbiza kidogo kama vijana wote. Mzee akasema ni yeye anayeichosha. Akamnyang'anya ufunguo mbele ya watu. Stanley alinifuata akaniuliza, "Shemeji, wewe unaijua hii pikipiki, kwani mwendo unaua injini?" Nikamwambia sijui, labda. Nilisema labda, Mama Dorothea.

Kilichonifikisha kwako ni cha juzi. Mzee alikuwa anampeleka mama mkwe kliniki, ikachemka kule uwandani, kabla ya kufika Ihumwa, jua kali, na pale hakuna hata kichaka cha maana. Nilipofika na bodaboda nilimkuta mama wa watu ameketi chini, kitenge kichwani, midomo imekauka, na dawa zake kwenye mfuko wa nailoni. Kumpakia mimi haiwezekani, mkwe na mama mkwe hawakai kiti kimoja, akakataa pia kupanda bodaboda ya mtu asiyemjua, kwa hiyo ilibidi mzee aendelee naye. Nikaongeza maji, nikawapa mgongo, nikaingiza mkono chini ya kiti nikawasha feni. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa ananitazama mkono. Mwanamke ambaye tangu nimeoa hajawahi kunitazama usoni, aliuliza kwa sauti ya chini ambayo mzee hakuisikia, "Mkwe, hapo chini ya kiti kuna nini?" Nikasema, "Hakuna kitu, mama." Akageuza uso, akaokota mfuko wake wa dawa.

Walifika kliniki wamechelewa, wakaambiwa warudi wiki nyingine, na feni ikabaki inazunguka pale nje bila mtu wa kuizima, wakatoka wakakuta betri imekufa. Mzee akasema Stanley amechokonoa betri kwa hasira ya kunyang'anywa ufunguo. Sasa imeamuliwa kwamba Jumamosi hii kutakuwa na kikao cha ukoo, Stanley apelekwe Mpwapwa kwa mjomba wake akachunge, na ile ekari ya zabibu aliyoahidiwa apewe mwingine. Ruthu analia kila siku, na mimi ndiye ninayembembeleza.

Swali langu ni hili. Bartolomayo amenipigia, kile kidude cha joto kimepatikana. Naweza kwenda Ijumaa nikasema naiosha pikipiki, nikakifunga, nikaiondoa ile swichi na waya wake, feni iwe inajiwasha yenyewe, isichemke tena, na mtu yeyote asijue. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimetengeneza? Au nimwambie baba mkwe nifukuzwe? Nashindwa kula. Nashindwa kumtazama mke wangu. Nisaidie.

Mkwe mwenye aibu, Ihumwa

MAMA DOROTHEA ANAJIBU

Marahaba, mkwe. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, tukacheka sana pale kwenye pampu ya maji. Tulipofika kwa Stanley tukaacha kucheka.

Nianze na kukuonea huruma, kwa sababu haitakaa sana. Swali la kasoro mbele ya ukoo mzima ni gumu, na kijana anayeoa hujiona amesimama uchi. Wengi wangejibu kama ulivyojibu. Kutengeneza swichi nako si dhambi. Nimemuuliza jirani yangu Hamza, fundi wa pikipiki, akaniambia watu wengi huweka swichi ya mkono, feni haijali imewashwa na kidude au na kidole. Kilema hakikuwa kwenye pikipiki, baba. Ungesema siku ile, "Ana kasoro moja, njooni niwaonyeshe," wazee wangeinama wote chini ya kiti kutazama, mjomba angetoa utani wake, na leo mzee angekuwa anabonyeza mwenyewe huku akijisifu.

Huruma imeisha. Sasa nisikilize vizuri kuhusu huo mpango wako wa Ijumaa, maana umeuandika kama mtu aliyepata dawa. Fikiri. Ukikifunga hicho kidude kwa siri, pikipiki haitachemka tena. Na itaacha kuchemka lini? Wiki ile ile Stanley atakapoondolewa. Mzee Elieza ataiendesha mwezi mzima bila moshi, atawaambia majirani, "Mnaona? Tangu kijana yule aondoke, mnyama amepona." Hapo utakuwa umemfunga shemeji yako kwa waya, na Bartolomayo mwenyewe hataweza kuufungua. Leo Stanley anatuhumiwa tu. Ijumaa yako itamtia hatiani maisha yake yote, na huko Mpwapwa pengine hata yeye ataanza kuamini kwamba ni mwendo wake.

Tena wewe mwenyewe umeandika kwamba mzee akienda polepole upepo hauifikii injini. Sasa nani alikuwa akiipa upepo? Huyo kijana. Alikuwa mtu pekee katika nyumba ile asiyeichemsha, na alipokuuliza ukamjibu labda. Neno hilo nimelisoma mara mbili na bado linaniuma.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii uwanda umekurudishia mama wa watu akiwa hai. Mgonjwa wa sukari haketishwi juani kwa sababu mkwe anaona haya. Ukirudia tena, usiniandikie mimi, waandikie waliofiwa.

Utafanya hivi. Leo ukimaliza kusoma, kabla yeye hajaufungua ukurasa huu, mwambie Ruthu. Usianze na waya wala rejeta, atakata tamaa kukufuatilia. Anza na jina la mdogo wake, sema, "Stanley hana kosa, kosa ni langu," halafu ndiyo ueleze. Atakununia, muache anune, ana haki hiyo. Kesho mtafute mshenga wako. Mlimtumia kutoa, mtumieni na kuomba radhi, hiyo ni kazi yake. Mwambie unataka kusimama Jumamosi kabla kikao hakijafika kwenye jambo la Stanley, na yule mjomba aliyeshika usukani awepo. Uliyasema mbele ya watu, utayafuta mbele ya watu hao hao. Kumnong'oneza mzee pembeni hakutoshi, kwa sababu Stanley hakunyang'anywa ufunguo pembeni.

Nenda na mbuzi, usingoje watake. Watakachokutoza juu ya hapo, toa bila kubishana. Kufukuzwa unakokuogopa sidhani kama kutakuwepo, ila kuchekwa kutakuwepo, na utachekwa muda mrefu, na huo ushuhuda wa kanisani utausikia kwenye kila harusi. Vumilia, hakuna aliyekufa kwa kuchekwa. Baba mkwe atanyamaza siku kadhaa, maana amekutangaza madhabahuni, naye aibu yake uipe nafasi. Usimkimbilie na maelezo.

Bartolomayo mchukue uende naye, afunge hicho kidude mchana kweupe watu wakitazama. Swichi asiing'oe. Hamza anasema aihamishie kwenye usukani ambapo kidole gumba kinaifikia, aweke fyuzi kwenye ule waya wa betri, na kitaa kidogo kinachowaka feni ikiwa inazunguka, ili mzee akiegesha asisahau kuzima. Kidude kikifa tena siku moja, swichi ipo, na kila mtu mle ndani anajua ilipo. Halafu mwombe mzee, kwa unyenyekevu, kwamba anayemfundisha kuitumia awe Stanley. Wewe usishike kitu. Mkono wako wenye baraka uuweke mfukoni siku hiyo.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikujibu wiki hii hii badala ya kuipanga barua yako kwenye foleni. Mama mkwe wako anajua. Aliuona mkono, akakuuliza polepole ili mume wake asisikie, akakupa mlango wa kutokea, wewe ukaufunga. Tangu siku hiyo amekaa kimya kwa ajili yako, huku akimtazama mtoto wake wa kumzaa akifungashiwa nguo za kwenda kuchunga. Hujajiuliza kwa nini amenyamaza? Mila inamzuia kukuumbua. Amebeba aibu yako kwa heshima, na wewe umemwacha aibebe pamoja na ugonjwa wake.

Kwa hiyo Jumamosi ukishasema, usikimbilie kukaa. Mwambie mshenga ampelekee mama salamu zako popote atakapokuwa ameketi na wanawake wenzake, na ujumbe uwe jibu la lile swali lake, bila kuongeza neno: "Mama, chini ya kiti kuna swichi."