Wavu wa Upande wa Kituo cha Kwanza

Kolin, Iowa
Jumanne, 9 Juni

Dada yangu Lida,

Nakuamkia kwa heshima zote anazostahili mtu aliyenifunga nepi na mpaka leo hajaacha kunisema. Natumaini joto la huko Arizona halijakukausha, na kwamba goti limetulia baada ya zile sindano. Huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na mimi ni mzima kama farasi wa maonyesho, ukiondoa presha, mgongo, macho, na usingizi ulionikimbia tangu Jumapili. Huo usingizi ndio ulionishikisha kalamu, lakini niache nizunguke kidogo kwanza. Unanijua, sijawahi kuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa mbele.

Barua yako niliipata. Nimefurahi kusikia kwamba mjukuu wako Junie amepata ugonjwa wetu wa besiboli, na kwamba mtoto wa miaka tisa anamfokea mwamuzi kwenye televisheni mpaka majirani wanagonga ukuta. Damu hiyo haikupotea njia! Umesema atafika Jumamosi ya tarehe ishirini, akae kwangu wiki mbili, nimpeleke kuwaona Millers, timu yetu ya hapa Kolin. Halafu ukaandika hivi: mketishe kando yako, Milo, upande wa glavu yako ya kudakia, hakuna mahali salama zaidi. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Dada, besiboli uliyonifundisha wewe haipo tena. Unakumbuka jikoni kwa mama, redio juu ya friji, wewe na daftari lako la alama, mimi niliyeshindwa na hesabu za sehemu darasa la sita, lakini wastani wa kila mpigaji nikiukokotoa kichwani kabla mtangazaji hajameza mate? Mwalimu alisema sina akili. Tangu hapo nimeendesha lori majimbo arobaini na moja, nimeingia viwanja ishirini na sita, Montreal mpaka Monterrey, nimekula soseji za kila taifa, na hakuna mahali nilipokuta mtu wa kunifundisha kitu kuhusu mchezo huu. Ila sasa nakaa pale kama mgeni. Mrushaji wanamwekea saa, inamhesabia sekunde kama mkate ulioko kwenye tanuri. Zamani alijikuna, akatema, akatazama mawingu, na sisi jukwaani tulimaliza habari za msiba mzima kati ya mpira mmoja na mwingine. Wakilingana mpaka raundi za nyongeza, wanamchukua mtu wanamweka kituo cha pili bure, hajapiga, hajakimbia, kama mtoto wa bosi siku ya kwanza kazini. Tikiti zimeingia ndani ya simu. Hata mwamuzi tumenyang'anywa. Zamani tulimwambia avue miwani yake avae ya mkewe, na yeye alituonyesha mgongo, tukaheshimiana. Sasa wakibishana wanaiuliza mashine. Mashine utaitukana nini, na mama hana?

Basi mwaka huu wakaja na la wavu. Viwanja vikubwa vyote vimezungushiwa wavu siku nyingi, ila sisi Kolin wavu ulikuwa nyuma ya mpigaji tu, na upande wetu wa kituo cha kwanza palibaki wazi kama ulivyopaacha. Bi Steffen, meneja mpya wa klabu, mama mpole, alituita wenye viti vya msimu mzima kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, akasema vijana wa siku hizi wana mabega kama milango, mpira ukipotoka unafika jukwaani kabla hujafumba jicho, kwa hiyo anataka kutuwekea wavu tukikubali.

Nikasimama mimi. Nani mwingine? Nikamwuliza kama anataka nitazame mchezo kupitia chujio la chai. Nikawaonyesha kidole changu kilichopinda, nikawasimulia tena mwaka themanini na nane, jinsi nilivyourukia ule mpira uliokuwa unakuja kwako, jinsi ulivyonivunja kidole na bado ukapita. Nikasema dada yangu alipoteza jicho kwenye viti vile vile na hajawahi kudai wavu. Ndiyo, Lida. Nilitoa jicho lako mbele ya watu kama cheti. Nikamalizia kwa kujipiga kifua, nikasema wavu ni mimi! Virgil Tesar, jirani yangu wa kiti, akapiga kelele kutoka nyuma kwamba wavu wenyewe una tumbo. Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na kati ya watu sitini wakatia sahihi ya kuukataa hamsini na wanane. Wavu ukaahirishwa mpaka mwakani. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Sasa nije kwenye Jumapili. Ilikuwa mchana, jua zuri, raundi ya nne. Virgil alikuwa amekwenda kununua bia, kiti chake kitupu. Glavu nilikuwa nayo mkononi, kama siku zote. Mpigaji alikuwa kijana mmoja wa mkono wa kushoto, jitu. Nikasikia gongo lake likilia, halafu nikawa naangalia viatu vyangu. Hivyo tu. Sikuinua mkono. Nilikuwa nimejikunja mpaka kidevu kimegusa goti, mimi na tumbo hili, jambo ambalo daktari ananiomba kila mwaka na mimi humjibu haliwezekani. Nilipoinuka, mgongo wa kiti cha Virgil ulikuwa umepasuka vipande viwili. Watu wakaanza, mzee Milo, mbona wavu umeshuka? Virgil akarudi na bilauri mbili, akauliza kiti chake kimemkosea nani. Nikacheka kuliko wote. Lakini mchezo ulipokwisha sikuondoka. Nilikaa pale mpaka jukwaa likawa tupu, nikikitazama kile kiti, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimemwomba Virgil aniachie tarehe ishirini, kwa ajili ya Junie.

Lida, keti kama umesimama.

Unaijua kanuni ya viti vile, wewe ndiye uliyeniwekea. Anayeandika alama huinamisha kichwa. Mwenye glavu hutazama kwa niaba yake. Siku ile ya mwaka themanini na nane wewe uliinamisha kichwa, unaandika, kwa sababu mimi nilikuwepo. Mpira haukuwa na kasi ya ajabu. Niliuona tangu ulipotoka kwenye gongo, nikauona mpaka nyuzi zake nyekundu. Ulikuwa unanijia mimi, kifuani, ningeudaka nimekaa. Nikainama, ukapita pale nilipokuwa, ukakupata wewe.

Sikuruka. Sikuugusa. Kidole nilikibana na mlango wa gari, nilipokuwa nakuingiza kiti cha nyuma. Hospitali muuguzi aliniuliza kama ni mpira, nikasema ndiyo. Neno moja, na nilidhani litaishia kwa muuguzi. Lakini wewe ulipozinduka na bandeji yako, marehemu shemeji Emil alinitangulia kukuambia kwamba Milo amevunjika kidole akikuokoa, na wewe ukalia. Ulilia kwa ajili ya kidole changu. Ningesema saa ile. Sikusema, na kesho yake ikawa ngumu zaidi, na mwaka uliofuata nikagundua kwamba watu wananinunulia bia nikiisimulia.

Nimelalamikia saa, nimelalamikia mashine, na hayo nayamaanisha mpaka kaburini. Lakini wavu niliukataa kwa sababu nyingine. Ningekaa nyuma yake kila siku nikijua kwamba kamba zimefanya kazi niliyoshindwa.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bi Steffen kuiondoa sahihi yangu. Akasema kamba lazima ziagizwe, nguzo zichimbiwe, hata tukikubali leo wavu hautasimama kabla ya Agosti, na wenzangu hawatageuka mpaka niwaeleze kwa nini mimi nimegeuka. Mkutano ni Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbi ule ule. Nitawaeleza, yote. Virgil atasema nini sijui, na bia za bure najua zimekwisha. Lakini sikuweza kuwaambia watu sitini kabla yako.

Ninaogopa, dada. Usiku nikifumba macho nalisikia gongo, halafu naona kichwa kidogo kimeinama kwenye daftari. Miaka yote hii nilijidanganya kwamba ilikuwa mara moja, bahati mbaya, na kwamba siku nyingine mkono utainuka wenyewe. Jumapili nilipata siku nyingine. Mkono haukuinuka.

Nimebadilisha viti. Kama Junie atakuja, tutakaa nyuma ya mpigaji, nyuma ya wavu wa zamani, na macho nitayatoa kwenye mchezo niyaweke kwake. Lakini uamuzi si wangu. Kama baada ya kusoma haya hutaki mtoto akae na mimi hata nyuma ya ukuta wa saruji, sema. Sitamtungia hadithi. Nitampigia mwenyewe nimwambie bibi yake amekataa, na bibi yake ana haki.

Ila nakuomba kitu kimoja, usinipigie simu. Najua ulivyo, utasema yamepita, Milo, kula kitu ulale, kabla hata hujakasirika. Kasirika kwanza. Chukua siku zako, uniandikie kwa mkono wako, na nitaamini chochote utakachoandika, hata kiwe mstari mmoja.

Nisalimie wanao wote, na mama yake Junie mwambie mahindi ya mwaka huu ni matamu. Barua yako nitaisubiri kwenye sanduku la barabarani, maana posta hupita saa tano na siku hizi sina pengine pa kwenda.

Nduguyo,
Milo Kadlec