Kimashine cha Moshi na Ukuta wa Mama

Naserian mjukuu wangu, ni mimi koko, bibi yako.

Huna adabu. Unaacha kimashine chako cha kupima moshi jikoni kwangu, kinawaka taa nyekundu kama kimeshika mwizi, halafu unarudi Kitengela! Hapa Kajiado tuko wazima, ng'ombe mweupe amezaa.

Unauliza kama nitakubali ukuta wa jikoni utobolewe dirisha, moshi utoke. Nikiwa msichana nilitoboa ukuta wa nyumba ya mama kwa kijiti. Akachukua fimbo anichape. Lakini moshi ukatoka, akaona shanga anazoshona bila kutoa machozi. Akaniambia, "Ongeza kidogo, mjinga wewe." Tulicheka mpaka ndama wakashtuka.

Sasa Jumamosi ulete fundi. Na kimashine ukipeleke jikoni kwa shangazi yako, mtoto wake anakohoa.