Mbegu za Zinia Ulizompa Wifi

Mpendwa mama,

Juzi nilifika kwako Matema nikakuta uwanja mzima unawaka: zinia nyekundu, zinia za njano, na kosmosi zimeinamia njia mpaka kaburini kwako. Katikati yake wifi Neema, mke wa kaka, anang'oa majani huku anaimba. Wivu ulinikaba, mama, sikufichi. Mtu kaja juzijuzi tu kutoka Singida, hata "ndaga" ya kushukuru anaitamka vibaya, leo ndiye mrithi wa maua yako!

Maua hayo nimeyaonea wivu tangu utotoni, unajua. Asubuhi ulitoka na kikombe chako cha chai, ukayapitia moja moja, "Ugonile, ugonile," ndipo ukakumbuka kutuuliza sisi tumelalaje. Nikiomba nami nipande, unacheka: "Wewe mwanangu una mkono wa mpunga. Nenda kwenye majaruba."

Tangu niolewe Mwaya nimejaribu mara ngapi? Nilichuma mbegu kwako kimyakimya, nikazipanda na mvua za kwanza, kama mpunga. Mvua za Kyela unazijua. Zikaoza zote, na mama mkwe akanicheka wiki nzima. Kumbe wifi ulimfundisha asubiri masika yachoke, ainue matuta, achanganye mbegu na majivu ya pumba. Yeye! Na mimi niliyenyonya ziwa lako nikaachwa nibahatishe.

Basi juzi uzalendo ukanishinda. Nikamwambia wazi: "Wifi, nipe mbegu za mama yangu."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akakataa.

"Samahani, wifi. Mama alinikataza. Alisema, 'Huyo akiwa na maua kwake, hapa atakuja kufanya nini tena? Mwache ayafuate.'"

Nilikaa palepale juu ya tuta nikalia kama mtoto. Miaka yote ile nilikuwa nakuja kuyakodolea macho kwa kijicho, nawe unanichemshia chai, umetulia tuli, hujasema neno.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Wivu bado ninao, tena mwingi, maana neno hilo ulimwambia yeye, hukuniambia mimi. Lakini Jumapili nakuja tena.

Pumzika, mama.

Ni mimi, binti yako wa pekee, hata kama wifi naye anakuita mama.