Nguo Nyeupe na Mume Aliye Hai

Cardiff, Uingereza

Kwa mama yangu, Bi Rukia, Faza.

Asalaam aleikum. Nipe mkono niubusu kwanza, hata kama umeukunja. Nakuuliza hali yako, na hali ya goti lako, na kile kikohozi kinachokushika asubuhi kukiwa na umande. Sisi huku tu wazima. Athman naye mzima, na hili nalisema kwa sauti kubwa ili jirani wote wasikie: Athman, mume wangu, mkweo, yu hai. Anakula, anakoroma, na hivi sasa yuko jikoni ananiuliza chumvi iko wapi ilhali iko mbele ya macho yake.

Mama, najua hupokei simu zangu. Salma ananiambia kwamba ikilia unaitazama, kisha unaifunika kwa mtandio kama mtu anayefunika chakula nzi wasikiingie. Basi nimeamua kuandika. Bwana Kassim wa msikiti wetu anasafiri kuja Lamu, na ameniahidi ataivusha barua hii mpaka Faza kwa mkono wake mwenyewe. Salma akusomee, wala asiruke neno. Mwanangu Salma, mama yako mdogo anakujua, soma yote.

Nataka nikueleze mimi mwenyewe habari ya ile picha, kwa sababu uliipata vibaya na kwa watu wasiohusika.

Unajua mimi napika kwenye shule ya watoto. Siku moja pale msikitini, upande wa wanawake, alikuja mama mmoja wa Kizungu na ruhusa ya imamu. Alikuwa akitafuta mwanamke wa makamo mwenye asili ya pwani ya Afrika, wa kusimama kidogo katika filamu. Wenzangu wakanisukuma mimi. Filamu yenyewe ni zile za mashujaa ambao Salma amewabandika ukutani, wanaoruka bila mbawa na kubeba magari kwa mkono mmoja. Mmoja wao ndiye bwana wa upepo. Miaka yote amekuwa Mzungu, na watu wamekua wakimpenda. Sasa katika filamu hii mpya amezeeka, na joho lake analirithi msichana mweusi ambaye mama yake anaishi ufukweni Afrika. Mimi ndiye huyo mama. Kazi yangu ilikuwa kumuaga mwanangu anapokwenda vitani, basi. Filamu nzima nimo kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa.

Ufuko wenyewe ungecheka ungeuona. Ulikuwa ndani ya ukumbi, mchanga umeletwa kwa lori, bahari ni kitambaa cha kijani, na upepo unatoka kwenye mapangaboi makubwa. Waliniongezea mvi, wakanivua bangili, wakanifuta wanja, wakanivika nguo nyeupe tupu isiyo na ua wala nakshi. Wallahi, Mama, sikufikiri eda ya mjane. Nilifikiri baridi tu, maana nguo ilikuwa nyembamba na meno yalikuwa yakigongana.

Wa kwanza kuona alikuwa Athman. Bango la filamu lilipotoka akalitazama kwenye simu, akavua miwani, akavaa tena. “Mwanahawa,” akasema, “mbona wanikalia eda na mimi nipo papa hapa?” Tukacheka sana. Hatukujua kwamba huko Faza hakuna atakayecheka.

Sasa sikiliza ugomvi ulioanza, maana wewe umesikia wa Faza tu. Kumbe kampuni ya filamu ilitoa mabango zaidi ya moja. Lile la Afrika walituweka sisi, mimi na yule msichana, tumejaa karatasi nzima, na bwana wa upepo wa zamani kasukumwa kwenye pembe kama mgeni asiyealikwa. Lile la nchi nyingine yeye ndiye kajaa, na msichana kavishwa kofia ya chuma mpaka hujui ni wa rangi gani. Mashabiki wakayaweka mabango pamoja, na hapo moto ukawaka. Wako waliosema joho la upepo si la mtu mweusi, na wakayasema kwa maneno ambayo Salma hatayasoma hata nikiyaandika, kwa hiyo siyaandiki. Wengine wakatutetea, wakasema ni wakati wetu. Hao nao wakagombana wao kwa wao, wengine wakiwa na furaha na wengine wakisema tumechezewa. Na mimi pale katikati, wananibishania kama samaki nguru mnadani, hakuna anayemuuliza nguru.

Hata jikoni kwetu haikupoa. Mwenzangu Megan, mama wa makamo kama mimi, amezipenda filamu hizi tangu utotoni. Nilidhani yeye ni wa wale wasiotutaka, maana alikuwa akimenya viazi kwa hasira na kunikwepa. Mwisho nikamuuliza, “Nimekukosea nini?”

“Wewe hukunikosea,” akasema. “Wao ndio wameniudhi. Wametuuzia uso wako, halafu ndani ya filamu hawakukupa hata jina. Nilikaa pale nikikungoja, na wewe ukapita kama basi.”

Nilisimama na mwiko mkononi. Alisema kweli. Mwisho wa filamu nimeandikwa “Mama wa Kijijini”, na wewe unajua Faza ni mji, tena mji wa zamani.

Haya, tuje kwetu. Salma amenisimulia yote. Kwamba vijana pale gatini walibishana mchana kutwa, huyu anasema Wazungu wametutumia kuuza tiketi, yule anasema bora tuonekane hata kama ni kwa kupita. Kwamba Bi Khadija jirani aliiona picha kwenye simu ya mwanawe, hakusoma maandishi, akajitupia buibui akaja kwako. Ulikuwa unachambua mchele. Akakwambia, “Bi Rukia, Mngu awape subira. Nimemuona Mwanahawa na nguo za eda kwa mato yangu. Mbona hamkutwambia?” Ukampigia mama yake Athman kule Pate kumuuliza kama kuna habari, na yeye akaiona habari ndani ya swali lako, akapiga kelele. Athman alikuwa kazini anaendesha basi, simu imezimwa. Mimi nilikuwa jikoni, simu iko kabatini. Mama wawili wakamlilia mtu aliye hai, majirani wakaja kuwapa mkono, mpaka Athman alipomaliza zamu na kuwasha simu.

Alipozungumza na mama yake alirudi chumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Akasema, “Watu wangapi wamejaliwa kujua nani atawalilia?” Alisema kwa mzaha, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Halafu ukaniletea ujumbe wako wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopaswa: “Mwanahawa, mumeo yu hai na wewe umevaa eda mbee za watu wa nti zote. Eda si nguo ya kutezea. Mpaka picha ile iondoke, sina la kusema nawe.”

Mwanzo nilikasirika, sitakuficha. Nilimwambia Athman kwamba Mama anaogopa mikosi, kwamba anadhani nguo itamuua mtu. Nikasema maneno mengi ya kijinga ya mtu aliyeumia. Kisha siku moja nikiwa nakunja nguo nikakikumbuka chumba cha nyuma. Nilikuwa msichana. Ulikaa mle eda ya Baba, miezi minne na siku kumi, na mimi ndiye niliyekuwa nikikuletea maji ya kutawadha. Nilikuwa naacha birika mlangoni kwa sababu sikuweza kukutazama. Mikono yako ilikuwa mitupu, na wewe ulikuwa mwanamke wa hina na bangili. Nikaelewa, Mama. Hukukasirika kwa sababu ya mikosi. Ulikasirika kwa sababu nguo ile wewe uliivaa kweli.

Kwa hilo nisamehe. Kuiondoa picha siwezi, si mali yangu, iko kwenye kuta za miji ambayo sitaiona maishani. Lakini ningelijua utaiona wewe, nisingelikubali kuvuliwa hata bangili moja.

Sasa kuna jambo ambalo hata Salma halijui. Pale ukumbini mwongozaji aliniambia, “Sema chochote ambacho mama wa kwenu humwambia mtoto anayesafiri. Sema kwa lugha yako, hakuna atakayeelewa.” Mapangaboi yakawashwa, yule msichana akasimama mbele yangu na joho lake. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini, nikasikia, “Enda, mwanangu. Ndia ikupishe, hasadi isikuone, na Mngu akurejeze nikuone kwa mato yangu haya.”

Ndiyo yale yale, Mama. Uliyoniambia pale gatini Faza siku ninaondoka, umenishika mashavu kwa mikono miwili, na nahodha anapiga kelele kwamba maji yanakupwa. Mimi sizungumzi hivyo tena, unanicheka kila siku kwamba nimekuwa mtu wa redio. Lakini yalitoka vile vile, kwa sauti yako. Yule msichana alikuwa ameambiwa aondoke bila kugeuka. Akageuka. Mwongozaji akasema basi, hairudiwi.

Mashabiki nao wameyashikia mjadala maneno hayo. Mmoja ameandika kurasa na kurasa kwamba ni uganga wa kuamsha upepo, mwingine kwamba ni siri ya filamu ijayo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Baadaye mtu mmoja wa Mombasa akaeleza maana yake, kwamba ni dua ya mama ya njia njema na kurudi salama, na watu wa nchi nisizozijua wakaanza kuyaandika chini ya picha za watoto wao wanaokwenda mbali.

Na yule msichana, Mama. Wazazi wake ni wa Ghana, yeye amezaliwa hapa hapa, mpole, ananiita shangazi. Wamemtukana rangi, wamemtukana nywele, wamemtukana mpaka pua. Juzi alinipigia simu, anazungumza huku anavuta kamasi kama mtoto. Hakutaka ushauri. Akasema, “Shangazi, niambie tena yale maneno.” Nikamwambia. Akashukuru, akakata simu. Dua yako nimempa mtoto wa watu bila kukuomba ruhusa. Nilijua ungempa mwenyewe ungemsikia.

Basi hapa ndipo nilipokuwa napajia tangu mwanzo. Makelele ya mashabiki yamefika kwa wenye filamu. Wanatengeneza nyingine, na wamenitaka nirudi. Safari hii mama ana jina, ana nyumba, ana maneno mengi, na yeye ndiye anayemfundisha binti yake kuujua upepo. Nimewaambia nina masharti. La kwanza, nguo nyeupe siivai maadamu Athman anapumua. Nitavaa leso, na hina, na bangili mpaka kwenye kiwiko. Mama wa mavazi alifungua kinywa kunibishia, nikamweleza chumba cha nyuma na birika mlangoni, akafunga kinywa, akaandika. Athman anasema nimeshamzika bure, sasa angalau nimfufue.

Sharti la pili nimewaambia kwamba nina mama, na sijamuuliza. Walidhani natania. Mtu mwenye mvi zake za kweli anaomba ruhusa ya mama! Nikawaambia sitanii. Wananingoja.

Sitakudanganya, Mama, naitaka. Miaka yote huku nimekuwa mtu wa kupishwa mlangoni na kusahauliwa. Nataka msichana kama Salma akae mbele ya kioo kikubwa cha sinema amuone mwanamke wa kwetu akizungumza kikwetu, na amsubiri, na asipite kama basi. Najua wale wa matusi watarudi. Najua pia kampuni inatafuta tiketi zake, wala siwapambi. Lakini bila radhi yako sitoki. Ukisema la, ni la, nitarudi kwenye viazi vyangu na sitakununia.

Nisalimie ami Bakari, umwambie dawa ya macho iko kwenye mfuko wa Bwana Kassim. Nisalimie mama yake Athman kule Pate, umpe pole yangu ya kumliza bure, na umwambie mwanawe amenenepa. Nisalimie dada yangu, mama yake Salma, na maalim aliyenisomesha, na Bi Khadija pia, sina kinyongo naye, ila asome maandishi kwanza. Shali ya sufu iliyomo katika mfuko huo huo ni yako, usimpe mtu.

Mama, Ijumaa nitakupigia, ukishamaliza kusali Alasiri. Huna haja ya kusema ndiyo wala la. Huna haja ya kusema kitu. Pokea tu, uiweke sikioni, nikusikie unakohoa.

Mwanao,
Mwanahawa